Je, lazima niwe wakili ili niwatetee Waislamu wa Pwani?

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni dada wa miaka 26 kutoka Kwale, nasomesha madrasa na nina diploma ya maendeleo ya jamii. Mwezi uliopita kijana wa mtaani kwetu alichukuliwa usiku na watu waliokuja na gari, na hadi leo hajulikani alipo. Tulizunguka vituoni siku nne bila kujua la kufanya. Tangu hapo nimetamani kuifanya kazi ya kutetea haki, kama aliyoifanya Al-Amin Kimathi. Lazima kwanza niwe wakili? Kazi hii inamlisha mtu? Na wazee wa msikiti watamkubali mwanamke?

Jibu: Wa alaikum salaam warahmatullah, dada yangu. Nianze na huyo kijana. Maswali yako mengine yanaweza kungoja, lake haliwezi.

Kama hamna nambari ya OB, nendeni leo kituo kilicho karibu na alipochukuliwa mkaripoti. OB ni kile kitabu cha matukio kinachokaa kaunta, na kila taarifa inayoingizwa hupewa nambari na tarehe. Msiondoke bila nambari hiyo. Askari akikataa kuandika, msigombane naye. Tazameni jina au nambari ya kazi iliyo kifuani mwake, andikeni saa, kisha mrudi na barua fupi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, nakala mbili: moja mnaiacha, ya pili mnaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri ina uzito kuliko safari kumi za kuulizia kwa mdomo. Barua hiyohiyo ifike IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambazo zote zina ofisi Mombasa. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa nayo yako Mombasa, na kesi za aina hii yanazipokea.

Hospitali na vyumba vya maiti mtavipitia pia, ingawa moyo hautaki. Mama mtu asiende peke yake, na kila mnapotoka mwandike mlifika lini na nani aliwajibu.

Sheria yenyewe ni hii. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Kuna mwanya ambao familia nyingi hazijui: saa 24 zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, muda husogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kuonekana kortini Jumatatu na sheria ikawa haijavunjwa. Kwa kijana wenu muda huo umepita zamani. Linalobaki ni ombi la habeas corpus katika Mahakama Kuu, yaani kumwomba jaji aamuru polisi wamlete mtu mbele yake au waeleze alipo. Haki hii iko katika kifungu cha 51, na kifungu cha 25 kinaitaja miongoni mwa zile chache zisizoweza kuwekewa mipaka. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na kinazuia kutozwa ada ya kuifungua kesi ya namna hiyo. Kwa hiyo akija mtu akawaambia mchange fedha za "kufungulia faili", mjue kuna jambo haliko sawa.

Sasa hapa nataka usome taratibu, kwa sababu ndipo kazi yote unayoiulizia ilipo. Maombi mengi ya habeas corpus huanguka, na mengi huanguka mahali pamoja. Polisi huleta kiapo chao kwamba hawamjui na hayumo katika OB ya kituo chochote. Jaji naye husema ombi hili ni la kumtoa mtu aliye mikononi mwa dola, si la kumtafuta aliyepotea, basi nionyesheni kwamba waliomchukua ni maafisa wa dola. Familia inabaki na neno "walikuwa askari", na neno hilo halina mguu wa kusimamia. Si kwamba wamesema uongo. Hakuna aliyewaambia, asubuhi ile ya kwanza, kitu gani kiandikwe.

Kwa hiyo kaa na kila shahidi peke yake, kabla hawajakutana wakahadithiana. Mtu akilisikia simulizi la mwenzake mara tatu, huanza kukumbuka alichokiona mwenzake. Umruhusu aseme yote kwanza bila kumkatiza, halafu umrudishe nyuma kipande kwa kipande. "Askari walikuja wakamchukua" haitoshi. Ulijuaje ni askari? Walisema? Walisema nini hasa, kwa maneno yao? Walikuwa na pingu, redio za mkononi, bunduki ndefu au fupi? Viatu vyao uliviona? Walikuwa wangapi, na wangapi walibaki garini? Gari aina gani, rangi gani, pleti ulisoma herufi ngapi? Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka, na wewe ulikuwa umesimama umbali gani? Mwenye kusema "Probox nyeupe, nilisoma KC tu, kioo cha nyuma kilikuwa na ufa, mmoja alishika redio ikawa inasema" amempa wakili kitu cha kushika. Na kama hakuona pleti, andika kwamba hakuona. Pengo lililokiriwa haliangushi ushahidi. Lililozibwa kwa kubahatisha huuangusha wote.

Yako makosa matatu ya kwetu sisi Waswahili ambayo huharibu viapo vizuri kabisa. La kwanza ni saa. Mama akisema "saa nane usiku" anakusudia saa mbili baada ya usiku wa manane kwa hesabu ya Kizungu, na karani asiye makini ataandika saa nane za Kizungu, yaani wakati wa Isha. Kiapo cha mama kikasema hivyo na cha jirani kikasema vingine, wakili wa serikali ataviweka kando kwa kando na jaji ataona watu wawili wasiokubaliana. La pili ni siku. Kwa watu wa Pwani usiku wa Ijumaa ndio ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kwa mahakama huo ni Alhamisi usiku. Andika tarehe daima, tena useme "usiku wa kuamkia". La tatu ni majina. Mtaani ni Mudi, kwenye kipande, yaani kitambulisho cha taifa, ni Mohamed, kwenye cheti cha shule ni Muhammad, na jina la baba limeandikwa namna mbili. Polisi wanaweza kuapa hawana mtu wa jina hilo nao wasiwe wamesema uongo. Orodhesha majina yote anayojulikana nayo na nambari ya kipande chake.

Kiapo kitaandikwa kwa Kiingereza, basi mama asitie dole gumba kabla hajasomewa kwa lugha anayoielewa mbele ya kamishna wa viapo, na iandikwe chini kwamba alisomewa akaelewa. Pasipo maneno hayo, siku ya kuhojiwa akisema "mimi sikujua kilichoandikwa", mmerudi mwanzo.

Kamera za maduka na vituo vya mafuta hufuta picha zao wenyewe baada ya siku au wiki chache. Kwa mwezi mmoja huenda mmechelewa, lakini ulizeni barabara nzima alimopitishwa. Simu yake msiifute wala kuibadilisha laini. Wakili anaweza kuiomba mahakama iamuru kampuni ya simu itoe rekodi zake. Februari 2014, polisi walipovamia Masjid Musa pale Majengo, Mombasa, kijana mmoja alipigwa picha na wanahabari akiwa mikononi mwao. Hajaonekana tena. Picha haikumrudisha nyumbani, na hilo linauma mpaka leo, ila ilifunga mlango wa kusema kwamba hakukamatwa kabisa. Ushahidi mwingi katika kazi hii hufanya hivyo: hufunga mlango mmoja wa kukana, kisha unatafuta wa kufunga mwingine.

Umemtaja Al-Amin Kimathi, na umechagua vyema, ingawa wengi wanaikumbuka jela yake na kusahau kazi iliyompeleka huko. Kimathi aliongoza Jukwaa la Waislamu la Haki za Binadamu, Nairobi. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa mpakani na ndani ya Kenya, wakapakiwa ndege usiku wakapelekwa Somalia, na wengi wao kutoka hapo wakafikishwa Ethiopia bila kesi. Jukwaa hilo lilikwenda Mahakama Kuu na maombi ya habeas corpus, moja baada ya jingine. Watu walikuwa wameshaondolewa nchini, na aliyetazama juu juu angesema kesi zimekufa. Lakini ni kupitia kesi hizo orodha za abiria za zile ndege ziliingia kwenye kumbukumbu za mahakama: makumi ya majina, wakiwemo wanawake na watoto, na tarehe za kuruka za Januari na Februari. Kuanzia siku hiyo swali halikuwa tena kama walipelekwa. Liligeuka kuwa nani aliagiza, na watarudi lini. Baadhi ya Wakenya walirudishwa 2008.

Baada ya mashambulizi ya Kampala ya Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70, Wakenya kadhaa walikabidhiwa Uganda bila kupitia utaratibu wa mahakama za Kenya. Kimathi alikwenda Kampala Septemba mwaka huo kufuatilia kesi yao, akiwa na wakili Mbugua Mureithi. Wote wawili walikamatwa. Wakili aliachiliwa baada ya siku chache akarudishwa Kenya. Kimathi akafunguliwa mashtaka ya ugaidi na mauaji, akakaa jela ya Luzira mwaka mzima, hadi Septemba 2011 mashtaka yalipoondolewa bila kusikilizwa.

Ukivuka mpaka, ulinzi wako wa kisheria unabaki nyumbani. Mei 2025 Hussein Khalid, aliyeiongoza HAKI Africa kwa miaka mingi, alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam pamoja na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga walipokwenda kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, wakarudishwa Kenya. Na msomaji wa Tanzania asizichukue saa 24 nilizozitaja akadhani zitamlinda na huko: masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, na walitoka Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa. Mtetezi anayesafiri huacha nyuma barua yenye ratiba yake, jina la wakili wa nchi anayokwenda aliyekwisha kukubali kumwakilisha, na saa maalumu ya kupiga simu kila siku. Saa hiyo ikipita bila simu, wa nyumbani anajua nani wa kumpigia.

Je, lazima uwe wakili? Hapana, na mpangilio wa sheria unakupa nafasi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtambua msaidizi wa kisheria anayepata mafunzo na kuidhinishwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Atawaelimisha watu haki zao, atawasaidia kuandaa maelezo, atafuatilia vituoni, atasuluhisha yanayosuluhishika. Haruhusiwi kusimama kortini kama wakili wala kudai ada. Mafunzo hutolewa na mashirika, na Kenya School of Law ina diploma yake kwa anayetaka kuzama zaidi. Kwa diploma uliyonayo na uzoefu wa kukaa na wazazi wa madrasa, ningekushauri uanzie hapa.

Uwakili ni njia ndefu zaidi. Shahada ya sheria ni miaka 4, na kuingia kunataka C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kisha unakwenda Kenya School of Law, mitihani, na miezi 6 chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa. Ukiupata uwezo, usome, lakini usingoje uwakili ndipo uanze. Mawakili wa haki Pwani hawatoshi, ni kweli. Wanaokosekana zaidi ni watu wa kuwaletea faili lililokamilika. Wakili akiletewa familia inayolia na hakuna karatasi, wiki ya kwanza yote huishia kukusanya ambayo wewe ungekuwa umekusanya siku ya pili.

Hata hivyo kuna saa ambayo wakili lazima awepo, nayo ni saa ya kuchagua mlango wa kuingilia kortini. Kesi ya hijabu ya Isiolo iliumiza watu wengi kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 shule ya St Paul's Kiwanjani, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, iliombwa na uongozi wa kaunti iwaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Kanisa likaenda kortini kupinga. Mzazi, Mohamed Fugicha, akaingizwa katika kesi hiyo kama mhusika mwenye maslahi, na humo ndani akawasilisha ombi lake mwenyewe la hijabu. Mahakama Kuu ilimkatalia Machi 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikampa haki, kwa hukumu iliyoeleza vizuri sana kwamba kuwafanya watu wote wavae sawa kunaweza kuwa ubaguzi kwa wale ambao dini yao inawataka vingine. Watu walisherehekea. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua. Majaji wengi walisema mhusika mwenye maslahi hana nafasi ya kuleta madai yake mapya ndani ya kesi ya mtu mwingine. Anayetaka suala hilo liamuliwe aanze upya Mahakama Kuu kwa njia inayostahili. Jaji Ojwang peke yake alipinga.

Ukiitazama tarehe kwa tarehe, ni karibu miaka mitano. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza ilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza shule. Lingefunguliwa ombi tofauti tangu 2014 kwa jina la mzazi mwenyewe akiwa mlalamishi, mlango ule usingekuwepo wa kufungiwa. Kwa hiyo ukipata kesi ya kanuni, si ya dharura, uliza mapema: nani mlalamishi, anadai nini kwa jina lake, na karatasi gani inalibeba dai hilo? Pata maoni ya mawakili wawili. Na usikubali kuharakishwa na anayetaka habari za magazeti.

Kuhusu riziki nitasema bila kupamba. Nafasi zenye mshahara zipo kwenye mashirika: afisa wa kushughulikia dharura, afisa wa utafiti, mratibu wa mradi. Lakini mkataba mara nyingi hufuata umri wa ufadhili, mwaka mmoja, pengine miezi sita, na ufadhili ukikatika mkataba umekwisha. Usiache kusomesha. Walioidumu kazi hii muda mrefu wengi wana mguu mwingine wa kusimamia, duka, shamba, ualimu, na mguu huo ndio unaowapa ubavu wa kumkatalia mfadhili au mwanasiasa.

Usikimbilie kusajili shirika lako. Tangu Mei 2024 Kenya inatumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyochukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990, na usajili unakuja na ripoti za kila mwaka, hesabu na bodi inayokaa kweli. Fanya kazi miaka miwili au mitatu chini ya shirika lililopo. Na pale utakaposhika fedha hata kidogo, iwe mchango wa dhamana uliokusanywa baada ya sala, pawe na watia saini watatu wasio ndugu, kitabu cha risiti chenye nambari zinazofuatana, na hesabu isomwe mbele ya waliochanga. Dhamana ya pesa taslimu iliyowekwa kortini hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa hakukwepa, na hapo ndipo ugomvi huzuka: nani aliitoa, nani airudishiwe? Stakabadhi ya korti huandikwa jina la aliyelipa. Amueni jina hilo kabla ya kwenda kaunta. Bondi ya polisi hailipiwi kitu, na anayeombwa fedha kwa ajili yake aombe stakabadhi.

Faida ya vitabu safi ilionekana 2015. Siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, lililoua watu 148, serikali iliwaweka MUHURI na HAKI Africa kwenye orodha ya wanaotuhumiwa kuhusiana na ugaidi. Akaunti zao zilifungwa, na maafisa wa serikali walichukua kompyuta na nyaraka ofisini. Mashirika hayo yalikwenda Mahakama Kuu, Mombasa. Juni jaji alikuta hakuna uhusiano wowote na ugaidi, na Novemba akaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi saba bila akaunti ni mishahara ya miezi saba, na mashahidi waliokuwa wakilipiwa nauli. Shirika lenye hesabu chafu lisingetoka humo. Nakala ya kila faili iwe mahali pa pili, nje ya ofisi na nje ya nyumba yako, na faili la mashahidi liwe na alama badala ya majina. Ufunguo wa alama hizo ukae kwa wakili.

Kuhusu msikiti. Utakutana na mashaka ya aina mbili, na yale ya uanamke ndiyo mepesi zaidi. Mzito ni woga: imamu anaogopa kwamba akikutangaza Ijumaa, wiki ijayo ataitwa kituoni. Muheshimu kwa woga huo, ana familia. Usimwombe mimbari. Mwombe tangazo la maneno machache baada ya sala: aliye na shida ya kipande, au ya ndugu aliye mahabusu, amwone fulani. Upande wa wanawake utaufikia wewe kwenye darsa zao, na hapo una nguvu ambayo mwanamume hana. Mashahidi wa usiku ule wa mlango kuvunjwa ni akina mama na dada, waliokuwa kitandani na bila buibui. Hawatamweleza mwanamume mgeni walivyokuwa wamevaa na walivyoshikwa. Kwako watasema. Unapoandika hayo, andika kama amana: hayasemwi harusini wala kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na picha ya mama akilia haiwekwi mtandaoni bila yeye kukubali siku ambayo halii.

Utaulizwa pia, na waliofiwa wana haki ya kuuliza, kwa nini unawatetea wanaotuhumiwa kuua. Jibu lako liwe limetangulia kwa vitendo: uwe umekwenda kuhani, uwe umelaani mauaji kwa jina na tarehe bila "lakini", na faili za waathiriwa ziwe kwenye kabati lako kama za washukiwa. Fanya kazi pia zinazomgusa jirani asiye Mwislamu. MUHURI walipowafundisha wakazi wa Changamwe mwaka 2007 kukagua fedha za maendeleo ya eneo bunge, kwenda na tepu kupima jengo na kulinganisha na stakabadhi, hakuna aliyeulizwa dini yake. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, wataletwa wagombea na bahasha. Ukipokea moja, wazee wote watajua kabla ya Alasiri.

Anza na jambo ambalo hakuna mzee atakayelipinga. Kaskazini Mashariki na Pwani ya Kenya, vijana wa Kiislamu wamepigwa msasa kwa miaka mingi kabla ya kupewa kipande, wakitakiwa vyeti vya babu na mashahidi wa kamati. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa msasa huo wa ziada kwa kaunti za mipakani, na Wapemba wa Kwale na Kilifi walikuwa wametambuliwa 2023 baada ya kuishi vizazi bila uraia. Tangazo ni jambo moja, kaunta ya usajili ni jingine. Asiye na kipande huzuiwa kwenye kila kizuizi cha barabara, na siku akichukuliwa hata majina yake hayana pa kuthibitishiwa.

Basi chukua daftari la kurasa 200, ulipige mistari ya safu. Waandike wanafunzi na ndugu zao wenye miaka 17 na zaidi: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti kipo au hakipo, nambari za vipande vya wazazi, tarehe aliyokwenda kwa chifu, tarehe aliyokwenda usajili, aliambiwa nini, na nani. Aliyekataliwa, mwandikie barua ya kuomba sababu kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu, malalamiko huenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Utekelezaji wa Haki. Baada ya miezi mitatu utakuwa na ukurasa unaoonyesha nani amecheleweshwa, siku ngapi, na kwenye kaunta ipi. Huo ndio uupeleke kwa wazee, na uupeleke na mama wa yule kijana akiwa kando yako.